Sentensi ya Pili

Mwezi uliopita, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Geita, nilimwona Bwana Ntalima akisimama mbele ya vijana arobaini na kuwaonyesha ukutani sentensi niliyoiandika mimi. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu sita kutoka Kahama kwenye semina ya waandishi chipukizi, na sikujua kwamba mtoa mada wa asubuhi angekuwa yeye. Amezeeka. Shingo imekonda, anatembelea fimbo, na watu wanamwita Mzee Mhariri kwa unyenyekevu unaonichefua. Mada yake ilikuwa namna ya kuanza hadithi ili msomaji ashindwe kuiweka chini. Alibonyeza kidude mkononi, ukuta ukaangaza, nikaisoma pamoja na wengine: *Duara lilimfukia saa sita mchana, lakini mama mkwe wake alikuwa ameanika nguo za msiba tangu asubuhi.* Duara, kwa asiyejua, ni shimo wanalochimba wachimbaji wadogo kuitafuta dhahabu. Ukumbi mzima uliguna. "Mnaona?" Ntalima alisema, akitabasamu. "Mmeshikwa. Hata mimi niliyeiandika bado inanishika."

Nikasimama. Sikupanga kusimama. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba, mama." Hakunitambua. "Naomba kuuliza. Sentensi ya pili inasemaje?" Akacheka kwa upole, kama mtu anayecheka na mtoto. "Swali zuri, mama. Ila leo hatuna shida na ya pili. Ya kwanza ikikaa sawasawa, ya pili hata iwe mbovu msomaji ataipita tu." Vijana wakacheka naye, kisha wakainama wakayaandika maneno hayo kwenye madaftari. Wanafunzi wangu nao waliandika. Nikachukua mkoba, nikatoka, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma karibu na jiko la hoteli. Wakati wa chakula, mmoja wa wanafunzi wangu, binti wa kidato cha tano anayeandika vizuri kuliko wenzake wote, alinifuata pale akaniuliza, "Mwalimu, kwani hiyo ya pili inasemaje?" Nikamwambia aende akale. Sikuweza kumjibu pale, na bado siwezi kumjibu kwa maneno machache. Namjibu hapa, kwa urefu, na namjibu nikiwa na hasira. Kama kuna mtu anasubiri nitulie ndipo niandike, atangoja sana. Nimebakiza miaka michache nistaafu na sijatulia.

Nilifika Geita mwezi wa tano, mwaka niliotimiza miaka ishirini. Ntalima alikuwa anatafuta mtu wa kupiga taipureta kwenye gazeti lake, na mimi nilikuwa nimetoka kujifunza kazi hiyo kule kwetu Nyahanga. Gazeti lenyewe lilikuwa kurasa sita zilizobanwa kwa pini mbili. Lilikuwa na habari za rashi mpya, yaani mahali dhahabu ilipoibukia na watu wakakimbilia, halafu matangazo ya waganga, halafu hadithi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la koleo, kamba na tochi. Ndani mlikuwa na meza mbili, mashine ya kurudufu iliyozungushwa kwa mkono, na harufu ya wino iliyoingia hadi kwenye mkate tulioula. Watu hawakununua gazeti kwa habari. Habari walikuwa nazo kabla yetu. Walinunua kwa hadithi, na Ntalima alilijua hilo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Siku ya pili tu aliniweka kitako. "Binti, msomaji wetu ni nani?" Nikasema ni wananchi. Akatikisa kichwa. "Msomaji wetu ametoka chini ya ardhi saa hii hii. Ana sigara mkono mmoja, chapati mkono wa pili. Sentensi yako ya kwanza lazima imfanye aangushe kimojawapo." Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake yote, na nasema bila kupenda kwamba yalikuwa mafundisho makubwa. Aliandika vizuri hadithi ikishaanza kwenda, ila kuanza kulimshinda. Alianza na jua, na hali ya hewa, na "hapo zamani kidogo". Mimi, bila kujua kwamba ni kipaji, niliweza. Nilimwandikia: *Mganga ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.* Nikamwandikia: *Barua ilifika siku tatu baada ya kumzika aliyeiandika.* Nikamwandikia: *Mke wa pili alikuja na funguo za nyumba mkononi.* Alizisoma akasimama, akazunguka meza, akarudi akazisoma tena. Kisha alichukua karatasi tukavuka barabara hadi mgahawani, ambako wanaapolo, kama wachimbaji wanavyojiita, walikunywa chai ya asubuhi, naye akawasomea sentensi moja tu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia vinywa. Mtu akiendelea kutafuna, sentensi ilirudi ofisini kurekebishwa. Akiacha kutafuna na kusema "ehe?", imepita.

Sijui kama msomaji anaweza kuelewa hilo linamfanya nini msichana wa miaka ishirini. Wanaume wenye vumbi la mawe kwenye kope, walioshuka futi nyingi chini ya ardhi na kurudi, wanaacha kutafuna kwa sababu ya maneno nane niliyoyapanga mimi. Jina langu halikuandikwa gazetini hata mara moja na sikujali. Nilivuka barabara nikirudi ofisini kama mtu anayetembea juu ya godoro.

Nilipanga chumba mtaa wa Kalangalala, kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Limi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne kwenye mstari mmoja. Yeye alikaa cha kwanza, mimi cha pili, na viwili vya mwisho walikaa binti yake Limi na mumewe Shija. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo nyumba ilikuwa na mazungumzo mamoja tu, yaliyopita juu ya vichwa vyetu wote. Nilisikia Shija akikohoa, Limi akimcheka, Mama Limi akisali kwa Kisukuma kwa sauti ya mtu anayemkumbusha Mungu jambo ambalo wamekwisha kulizungumza. Jioni tulikula pamoja uani. Alipika ugali wa muhogo, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akayaunga kwa karanga hadi yakawa mazito kama uji. Alinifundisha kula michembe, viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani, kisha vikapikwa hadi vikalainika. Nilipomsalimia "shikamoo Mama Limi", aliitikia marahaba, kisha hakuniacha nipite hadi niulizwe nimelalaje, ofisi imelalaje, na yule mzee wangu wa magazeti amelalaje. Hakujua kusoma. Limi alisoma kwa kuunga herufi, akachoka upesi. Kwa hiyo kila Ijumaa, gazeti likitoka, niliwasomea hadithi uani. Shija alikuwa msikilizaji wa hatari. Alipenda kukatiza. "Hapo umedanganya, Mwasiti! Mtu akishuka na kamba iliyolowa hafiki!" Nilirekebisha mambo mengi ya machimbo kwa sababu ya Shija.

Mwezi wa kumi na moja Mama Limi alipata habari kwamba kaka yake, mkulima wa tumbaku kule Ushetu, amefariki. Alienda akazika, akakaa siku tisa, akarudi na mvua. Alifika jioni ya Jumanne akiwa amechoka hadi nikamvua viatu mimi mwenyewe. Siku iliyofuata hakutoka kitandani. Asubuhi ya Alhamisi jua lilichomoza, akatoa beseni, akafua kaniki yake, khanga mbili nyeusi na kitambaa cha kichwa, akavianika kwenye kamba ya uani. Nilipita chini ya kamba ile nikienda kazini. Matone yaliniangukia shingoni, nikalalamika, akacheka. Ninajua siku na mpangilio wa matukio kwa sababu nilikuwepo. Limi naye alikuwepo, alikuwa anachuja uji. Shija alikuwa ameondoka alfajiri.

Saa saba mchana mtu alikuja ofisini akasema duara limeshuka kwenye rashi ya upande wa magharibi na kuna watu chini. Ntalima alinitazama. "Kwako si kuna mchimbaji?" Nilikimbia. Nilipofika nyumbani, uani palikuwa pamejaa watu, na Limi alikuwa ameketi chini ameshika kandambili moja ya Shija. Nguo nyeusi bado zilikuwa kwenye kamba, zimekauka. Mama Limi alikwenda akazianua moja moja, akazikumbatia kifuani, akasema, "Hata sijazikunja," na ndipo akaanza kulia. Walimtoa Shija siku ya tatu.

Nilikaa msibani siku zote zile. Nilibeba maji, nilipika, nililala kwenye mkeka na akina mama. Na wakati wote huo, Mungu anisamehe, sentensi ilikuwa inajipanga kichwani mwangu. Sikuitafuta. Nilikuwa naosha sufuria ikaja nzima, na nywele za mikono zikanisimama, na nilichokisikia ndani yangu, kabla ya huzuni, kilikuwa furaha. Mwandishi yeyote anayesema hajawahi kuisikia furaha hiyo pasipostahili, ama anadanganya ama si mwandishi.

Jumatatu iliyofuata Ntalima alitaka habari ya duara iandikwe kama hadithi. Niliiandika kwa siku mbili. Sikuandika jina la Shija, wala la Limi, wala la mtaa. Sentensi ya kwanza mmeshaisoma. Na sentensi ya pili, hii hapa, binti yangu wa kidato cha tano, ndiyo hii uliyoniuliza: *Nguo zile alikuwa amerudi nazo kutoka Ushetu, alikokwenda kumzika kaka yake, na alizifua kwa sababu ya tope la njiani.* Haina uzuri wowote. Ni sentensi ya mtu wa kawaida aliyefua nguo. Baada yake ilifuata hadithi ya mama aliyepigwa na misiba miwili ndani ya wiki mbili, hadithi ambayo bado naamini ilikuwa nzuri.

Ntalima aliisoma ya kwanza, akaweka kalamu chini. Halafu akasoma ya pili, akashika kalamu tena, akaipiga mstari. "Hii inaiua ya kwanza," akasema. Nikamwambia ndiyo ukweli wenyewe. "Nani kakataa? Utauweka. Wiki ijayo. Wiki hii tunamwacha msomaji hapo hapo." Akaifuta aya nzima, akaunganisha ya kwanza na tukio la duara kushuka, akamalizia na mama yule kukumbatia zile nguo nyeusi. Yale maneno "hata sijazikunja" aliyafuta pia. "Mhariri, watu watamjua," nikasema. "Hakuna mama mkwe mwingine aliyefiwa na mkwe wiki hii." Akanitazama juu ya miwani. "Umebadilisha jina au hukubadilisha?" "Sikuweka jina." "Basi. Binti, wewe una mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine hapa. Usiuogope mkono wako mwenyewe."

Sifa ile ilinitosha. Naandika hivi leo nikitaka kuurudisha ule mchana nimnase kibao yule msichana, maana aliijua hatari, aliitaja kwa mdomo wake, kisha akaketi, akaingiza stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kwenye taipureta, akaipiga herufi kwa herufi. Sikushikiwa bunduki.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jioni niliporudi, Limi alikuwa uani, amejifunika khanga ya eda, peke yake. Mama yake alikuwa ameenda sokoni. "Wanasema mmemwandika mume wangu," akasema. "Nisomee." Nilikuwa na nakala mkobani. Nikaisoma ile ya kwanza, nikanyamaza kidogo, kama Ntalima alivyonifundisha kunyamaza. Uso wa Limi ukabadilika. Ningeweza kuiongeza ya pili kwa mdomo hapo hapo. Niliijua kwa moyo. Na Limi mwenyewe alijua kila kitu, kaka wa mama yake alikuwa mjomba wake, yeye ndiye aliyemfungia mama chakula cha safari. Ningesema maneno machache tu, "lakini wewe na mimi tunajua." Sikuyasema. Nilitaka kuona. Niliendelea kusoma hadi mwisho, na nilipomaliza hakuniuliza chochote. Aliinuka akaingia ndani.

Siku mbili zilizofuata nyumba ile iliyokuwa na mazungumzo mamoja ikawa kimya. Mama Limi alipika, Limi hakula. Jumapili nilimsikia juu ya ukuta mama akimuuliza Limi kwa Kisukuma kama anaumwa, na sikusikia jibu. Ofisini Ntalima alikuwa anaimba. Nakala zilikwisha Jumamosi, akarudufu nyingine, na mgahawani mtu mmoja aliisoma ile sentensi kwa sauti mara tatu kwa ombi la wenzake. Hakuna aliyetafuna.

Walikuja Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa najiandaa kwenda kazini. Nilisikia miguu mingi, kisha sauti ya mwanaume ambaye ningekuja kumjua kuwa ni binamu wa Shija. "Mama, shikamoo. Tumekuja na gazeti." Nakumbuka shikamoo ile. Alimwamkia kwanza. Kisha nikaisikia sentensi yangu ikisomwa kwa sauti ya mtu mwingine, ikipita juu ya ukuta na kunishukia nikiwa nimeshika kitana. Niliisikia kama walivyoisikia wao. Haikuwa na mlango wa kutokea. Ilisema kwamba mwanamke huyu alijua, na kwa Msukuma au kwa mtu yeyote wa machimbo aliyekaa kule, anayejua kabla ni yule aliyetenda, yaani mchawi.

Nilitoka mbio. "Ni mimi niliyeandika! Msimguse! Alikuwa ametoka kumzika kaka yake! Kuna sentensi ya pili!" Walikuwa kama kumi na watano. Binamu yule hakuwa mtu wa kelele. Alinyoosha gazeti mbele yangu, akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Iko wapi?" Nikaeleza kwamba mhariri ameipeleka wiki ijayo. "Iko wapi, dada? Nionyeshe kwa kidole." Nilitazama ile karatasi niliyoipiga mwenyewe, kana kwamba labda ingekuwepo. Mtu nyuma akasema nimeshalishwa kitu na mwenye nyumba wangu ndiyo maana namtetea. Mama Limi alikuwa bado hajaelewa. Alitutazama mmoja mmoja akisubiri tumwambie tunagombania nini. Ndipo Limi akatoka chumbani, akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Mayu, kwa nini ulizifua siku ile?"

Mama Limi alifungua mdomo. Angeweza kusema mambo mengi, yote ya kweli. Alisema tu, "Limi," na kwangu mimi hapo ndipo alipopigwa. Mawe yalikuja baadaye. Moja lilimvunja mkono juu ya kiwiko. Waliingia wakatoa masufuria, godoro, magunia ya michembe, wakavitupa barabarani, wakapanda wakang'oa bati juu ya chumba chake. Mwenyekiti wa mtaa alifika, akawatuliza, akamshauri mama aondoke kabla jua halijazama kwa usalama wake, ingawa nyumba ilikuwa ya mama mwenyewe. Nilimfunga mkono kwa ile kaniki. Hakunilaumu. Hakuwa na nafasi ya kunifikiria. Aliomba lifti kwenye lori lililokuwa likielekea Kahama, akakaa mbele na dereva, uso wake ukiwa umeelekea kwenye kioo. Limi hakutoka nje.

Nilimkuta Ntalima anachana karatasi. Nilimweleza yote, nikilia na kutukana, na mimi sikuwa mtu wa kutukana. Alisikitika, sitamsingizia. Alikaa chini akashika kichwa. "Masikini," akasema. "Masikini mama wa watu." Nikasema basi tuitoe leo, ukurasa mmoja, sentensi ya pili na maelezo. Akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo. "Binti, sasa hivi kila mtu Geita anasubiri sehemu ya pili. Tukiwaambia alikuwa anafua tu, watatucheka." Ijumaa ile sehemu ya pili ilitoka, ameiandika yeye, ndani yake mna chungu kilichofukiwa na paka mweusi. Sikuipiga mimi. Alimtafuta mtu mwingine.

Nilichofanya ni hiki. Jumamosi, ofisi ikiwa wazi na yeye yuko kanisani kwenye harusi, niliingia nikapiga stensili yangu, nikarudufu karatasi hadi mkono ukachoka kuzungusha, nikazigawa bure mgahawani, sokoni, hadi kwenye rashi yenyewe. Niliandika ukweli wote, kuanzia safari ya Ushetu. Watu walipokea. Waliangalia mstari wa kwanza, wakafungia karanga. Nikarudi nikajaribu mwanzo mwingine, mkali zaidi. Nikajaribu tatu, nne. Kila nilipoufanya ukweli ule uwe mkali, ulianza kusema uongo, na kila nilipouacha ulivyo hakuna aliyeacha kutafuna. Wanaopenda kusema ukweli una nguvu kuliko uongo hawajawahi kuugawa bure kwenye mgahawa wa wachimbaji saa mbili asubuhi.

Nilirudi Nyahanga kabla ya mwaka mpya. Nilipanga kwenda Ushetu wiki ile ile, nikaahirisha hadi mwezi wa nne, kwa woga tu, hakukuwa na sababu nyingine. Nilimkuta Mama Limi kwa wajane wa kaka yake, kwenye banda la kukaushia tumbaku, ameketi juu ya gunia anafunga majani mabichi kwenye fito. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, ulijitokeza nje kama mpini wa jembe, na alishikia fito kwa goti. "Shikamoo Mama Limi." "Marahaba, ng'wanone." Aliniita mwanangu. Aliniuliza nimelalaje na nyumbani wamelalaje. Aliagiza nikaletewa maziwa mgando na viazi, akangoja hadi nikala, hakuniruhusu niseme lolote nikiwa na chakula mdomoni.

Nilipomaliza nikamwambia kila kitu kwa mpangilio. Kwamba sentensi ni yangu. Kwamba ya pili ilikuwepo ikakatwa. Kwamba niliipiga kwa mikono yangu nikijua watu watamtambua. Na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwamba ni mimi niliyemsomea Limi, na nilinyamaza pale nilipopaswa kusema. Alikuwa anafunga majani muda wote, mawili mawili, mgongo kwa mgongo. Mikono yake haikusimama hata nilipofika kwenye sehemu ya Limi.

"Wewe ulijua nilitoka kuzika," akasema mwishowe.

"Nilijua, mama."

"Na yule mzee wako ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Na Limi alijua. Yeye ndiye aliyenifungia chakula."

Akakaza uzi kwa meno, akaisimamisha ile fito ukutani na nyingine zilizojaa.

"Wale vijana walionivunja mkono hawakujua," akasema. "Walisomewa tu. Hao nimeshawasamehe."

Nilikaa pale nikisubiri aendelee. Akainama akaokota majani mengine.